Barua kwa mwanangu: usimamizi wa sanaa tangu mwaka wa kwanza?

Lubumbashi

Yambo mwanangu,

Swali lako limefika: usome usimamizi wa sanaa tangu unapoingia chuo, au uanze na uchumi kama wajomba zako wanavyotaka, sanaa ije baadaye? Soma usimamizi wa sanaa, mradi programu yenyewe iwe na hesabu, sheria na istaji ya kweli, yaani mazoezi ya kazini. Ikikosa kimoja kati ya hivyo vitatu, wajomba wamekushinda.

Kabla ya kulipa minervali, ile ada ya chuo, omba orodha ya masomo pamoja na krediti zake. Kwa mfumo wa LMD (lisansi, masta, dokta), lisansi ni krediti 180 kwa miaka 3, na krediti 1 ni saa 25 za kazi yako, zikiwemo zile unazosoma peke yako nyumbani. Somo la kontabilite, yaani uhasibu, lenye krediti 2 ni saa 50 basi: utajua maneno yake, lakini hesabu za festivali nzima hutaweza kuzifunga. Mimi ningetafuta krediti zisizopungua 20 kati ya kontabilite, bajeti na sheria ya mikataba. Historia ya sanaa na sera ya utamaduni hazikosi popote, hizo zisikupumbaze. Istaji iwe wiki 8 mfululizo. Ya wiki 2 itaishia kwenye kupanga viti.

Uone kwa nini napigia hesabu kelele. Chukua konseti moja hapa mjini, ukumbi wa viti 300, tiketi dola 5. Kijana asiyefundishwa anaandika mapato dola 1,500 na kulala usingizi. Wewe toa kwanza viti 40 vya waalikwa, maana wakubwa hawalipi mlangoni na unawajua. Zimebaki 260. Sasa gharama: ukumbi 200, sono (vyombo vya sauti) na taa 250, grupu ya umeme (jenereta) na mafuta yake 80, kashe (malipo) za wasanii 300, mabango na redio 70, walinzi 40. Jumla 940. Ongeza asilimia 10 ya dharura, inakuwa 1,034. Gawanya kwa 5: unahitaji watu 207 wanaolipa, karibu viti 8 kati ya kila 10 vinavyouzwa, ndipo usipate hasara wala faida. Namba hiyo iandike juu kabisa ya bajeti, kabla ya kuagiza bango hata moja.

Mambo huharibikia mahali pale pale kila mara. Grupu inafutwa eti ukumbi una umeme, kisha unakatika wimbo wa tatu. Sono inakodiwa kwa dola na tiketi zinauzwa kwa franka, na hakuna aliyeandika kiwango cha siku ile. Tiketi hazina namba wala kipande kinachobaki kitabuni, basi usiku pesa hazilingani na vichwa vya watu na kila mmoja anamtazama mwenzake. Anayeuza asiwe ndiye anayechana tiketi mlangoni. Hilo halihitaji diploma, lakini chuo kizuri hukufundisha kulifanya bila kugombana na shangazi aliyejitolea kuuza.

Hata ukumbi ukijaa, tiketi mara nyingi hazitoshi, na sababu yake ilielezwa mwaka 1966 na wachumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen. Kiwanda kikipata mashine hutoa mali nyingi zaidi kwa saa ile ile. Tamthilia ya watu 6 inataka mazoezi yale yale ya zamani, wakati mishahara na nauli vinapanda. Ndiyo maana msimamizi wa sanaa huishi kwa kuandika maombi ya ufadhili. Hapo pia kuna mtego: wafadhili wengi hubakiza sehemu ya mwisho ya pesa mpaka wapokee ripoti na fakti (ankara) zote. Bajeti iliyo sawa kwenye karatasi inaweza kukuacha bila senti wiki ya onyesho. Tengeneza jedwali la pesa za kila wiki, zinazoingia na zinazotoka.

Kuhusu sheria nitakuwa mfupi. Amri-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 ndiyo inayolinda haki za watunzi kwetu Kongo, na SOCODA ndilo shirika la kuzikusanya. Kumlipa mwimbaji kashe hakujalipa haki ya aliyetunga wimbo: ni deni mbili. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 inahusu ASBL, yaani mashirika yasiyo ya faida, na vikundi vingi vya sanaa huchagua njia hiyo kisha vinagawana ziada kama duka. ASBL inaweza kulipa mshahara wa kazi iliyofanyika, lakini kugawana faida hapana.

Istaji usiende kuitafuta mbali. Kituo cha sanaa kiitwacho Picha, walioanzisha bienale ya Lubumbashi (maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili) mwaka 2008, wanafanya kazi ambayo vitabu vinaieleza kwa shida: kusafirisha kazi za sanaa, kuzitundika, kupokea wageni. Musee (makumbusho) ya taifa ipo hapa hapa. Na ukitaka kuelewa namna watazamaji wanavyojengwa, chunguza kundi la maigizo la Mufwankolo, lililowashika watu kwa Kiswahili cha mji huu. Bango la Kifaransa peke yake linawaita wale wale wa kila siku. Onyesho la nje uliweke kati ya Mei na Septemba, kabla ya mvua.

Ukiona programu ni dhaifu, shika uchumi, jiunge na kikundi kimoja uwe mtunza hazina wake miaka yote 3, halafu uombe masta ya utamaduni katika Chuo Kikuu cha Senghor, Alexandria, Misri. Kule wanafundisha kwa Kifaransa. Njia hiyo ni ndefu, ila haina aibu.

Kesho pita biro ya fakulte uulize mambo matatu: nani anafundisha kontabilite, istaji za mwaka jana zilifanyika wapi, na kazi ya mwisho ni maandishi matupu au ni mradi unaotekelezwa. Majibu nitumie pamoja na picha ya orodha ya masomo. Pesa ya awamu ya kwanza nimeiweka tayari, haitoki kabla sijaiona karatasi hiyo.

Mama yako