Beberu Yupi Ndiye Baba? Majibu Kuhusu Kipimo cha DNA kwa Mbuzi

Mabeberu wangu wawili walikuwa zizi moja na majike. Sasa mbuzi mmoja kazaa mapacha, mmoja mweusi tii, mwingine ana mabaka. Inawezekana kila mmoja ana baba yake?

Inawezekana kabisa. Jike akiingia joto hukaa humo kama saa 24 hadi 48, na mara nyingi hupevusha zaidi ya yai moja. Akipandwa na mabeberu wawili ndani ya muda huo, kila yai laweza kurutubishwa na beberu tofauti. Lakini tofauti ya rangi haitoshi kuthibitisha hilo, kwa sababu mapacha wa baba mmoja nao hutofautiana rangi. Pima watoto wote wawili, usipime mmoja ukamwandikia mwenzake majibu yale yale.

Maabara wanajuaje baba ni nani?

Mbuzi ana kromosomu 60 (nyuzi ndogo ndani ya chembe hai zinazobeba vinasaba, yaani DNA), ambazo ni jozi 30, na katika kila jozi moja imetoka kwa mama na nyingine kwa baba. Maabara husoma sehemu kadhaa zinazotofautiana sana baina ya mbuzi na mbuzi, na kila sehemu huipa namba mbili, moja kwa kila kromosomu ya jozi. Tuseme mahali fulani mtoto ana 142 na 150, na mama yake ana 142 na 146. Basi 142 kaipata kwa mama, na 150 lazima iwe ya baba. Beberu mwenye 138 na 144 hana hiyo 150 ya kumpa. Akishindwa hivyo katika sehemu kadhaa, ameondolewa. Sehemu moja peke yake isiyolingana haitoshi kumwondoa, maana vinasaba huweza kubadilika kidogo vinapopita kwa mtoto.

Shika jambo hili: kipimo hulinganisha wale uliowaleta tu. Kama baba halisi ni beberu wa jirani aliyeruka ua, na sampuli yake haipo, maabara haiwezi kumtaja. Ndiyo maana nawasihi wafugaji wachukue sampuli ya kila beberu siku anapoingia zizini, wala wasingoje ugomvi.

Nichukue damu au manyoya?

Manyoya ni rahisi na hayamuumizi sana mnyama. Chagua mahali pakavu pasipo na kinyesi, shika manyoya machache karibu na ngozi, uyang'oe kwa mkupuo. Usiyakate kwa mkasi! Kinachotakiwa ni vile vishina vyeupe vya mwishoni. Manyoya 20 hadi 30 yenye vishina yanatosha kwa kawaida, ila fuata maelekezo ya maabara yako. Yatie kwenye bahasha ya karatasi, kwa kuwa mfuko wa plastiki hutunza unyevu na sampuli huota ukungu. Andika namba ya hereni juu ya bahasha kabla hujamgusa mbuzi wa pili, na unawe mikono. Sampuli zikichanganyika, maabara itakupa jibu sahihi kuhusu mbuzi asiye yeye.

Mtoto anayenyonya usimpanguse mdomoni ili kupata sampuli, kwani maziwa yana chembe hai za mama. Damu ya mapacha nayo huweza kuleta utata, ingawa si mara nyingi: mishipa yao ikiungana tumboni, mmoja hubeba chembe za damu za mwenzake.

Beberu ninayemshuku ameshachinjwa. Nimechelewa?

Huenda bado. Nyama yake ikiwa kwenye friza, au ngozi ikiwa imehifadhiwa, ulizia maabara kama wataipokea. Vinginevyo pima mabeberu waliobaki. Wakiondolewa wote, shaka yako itapata nguvu, ila hautakuwa uthibitisho.

Mabeberu wangu ni baba na mwanawe. Watatenganishwa?

Hapo kazi ni ngumu, kwa kuwa nusu ya vinasaba vya mwana ni vya huyo baba. Peleka sampuli ya mama pia, uwaambie maabara mapema kuwa mabeberu hao ni ndugu ili wasome sehemu nyingi zaidi.

Je, majibu yataonyesha mbuzi wangu ni wa asili safi?

Hapana. Hicho ni kipimo kingine.

Nina beberu mmoja tu, na maabara imesema si yeye. Nimuulize nani?

Kwanza hakikisha bahasha hazikubadilishana. Kisha hesabu nyuma siku 150 hivi, ambao ndio muda wa mimba ya mbuzi, uangalie ni madume gani yalikuwa zizini wakati huo. Usiwasahau watoto wa kiume, maana wengine huweza kupanda wakiwa na miezi minne, hata mitatu, tena huwapanda mama na dada zao. Chukua manyoya ya kila dume aliyekuwapo, pamoja na ya mama, uyapeleke. Na wale wadogo waliofika miezi mitatu, watenge leo.