Usimpe mamako diklofenaki juu ya dawa za presha

Dadangu wa Likoni, hebu iweke chini hiyo diklofenaki, hiyo dawa ya maumivu, kwanza. Umesema mama anameza enalaprili na ile ya kukojoza kwa ajili ya presha, usiku anakohoa kikavu, magoti yanamuuma, na jamaa wa kemisti amempa diklofenaki asubuhi, mchana na jioni tangu Ijumaa, eti haina neno. Ina neno, tena kubwa!

Mamangu alikuwa kwenye dawa hizo hizo mbili na presha ilikuwa imetulia. Ikaja Ramadhani ya joto la kaskazi, magoti yakamkaza hata kusujudu hawezi. Akaenda kemisti ya mtaani kwetu Kisauni, akatiliwa vidonge kwenye kibahasha cha kaki, juu kumeandikwa 1x3 kwa kalamu. Jina la dawa hamna. Yule kijana hakumuuliza anatumia nini, wala kama ana presha. Nikimkumbuka damu inanichemka mpaka leo. Koti jeupe hata muuza nyama wa Kongowea analo!

Maumivu yaliisha, hilo silikatai, na ndilo lililotuponza. Alisujudu tena, tukamwombea dua muuzaji. Kisha kikaja kichefuchefu, tukasema ni saumu. Mkojo ukapungua, tukasema ni joto. Miguu ikavimba hadi ndara haziingii. Hospitali daktari akauliza na kurudia kuuliza kama kuna dawa nyingine, mama akakataa, kwani kwake dawa ni zile za kliniki, hii ni "ya magoti tu". Kibahasha nilikikuta kimefungwa kwenye pindo la leso yake, kumbe ni diklofenaki hiyo hiyo. Kreatinini, kile kipimo cha figo, ilikuwa imepanda mpaka wakaanza kutaja kusafisha damu kwa mashine. Wakasimamisha zote tatu. Mungu alisitiri, mashine hakufika, lakini figo hazikurudi kama zamani.

Daktari alinieleza hivi: figo huchuja damu kwa msukumo. Ile ya kukojoza inapunguza maji mwilini, enalaprili inalegeza mshipa unaotoa damu kwenye kichujio, na diklofenaki inabana ule unaoiingiza. Zikikutana zote, tena kwa mtu mzima aliyepungukiwa maji, msukumo unaanguka na figo zinagoma. Ibuprofeni nayo ni ukoo mmoja na diklofenaki. Hata tumbusi wa Bara Hindi walikufa kwa figo baada ya kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa diklofenaki, mpaka India ikapiga marufuku ile ya mifugo mwaka 2006.

Simtii mtu hofu na dawa za presha. Enalaprili imewaepusha wengi na kiharusi, kwa hiyo usimwachishe mwenyewe kwa sababu ya kikohozi. Kikohozi kikavu ni madhara yake yanayojulikana. Kikithibitika ndicho, daktari humbadilishia, mara nyingi losatani, na losatani nayo haipatani na diklofenaki. Ila akivimba midomo au ulimi, hapo mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.

Ninalokuomba ni moja. Kila anachomeza mama kiwe ndani ya mfuko mmoja: vya kliniki, vya kemisti, vya maumivu, hata mitishamba ya shangazi. Mfuko huo uende naye popote anapopewa dawa. Umwage wote juu ya kaunta, uulize: hii mpya inapatana na hizi? Anayekataa kuangalia, mwachie dawa yake utoke. Kidonge kisicho na jina usikilipie hata shilingi.

Kwa magoti, Panadol kwa kipimo chake ndiyo ya kuulizia kwanza. Na kwa kuwa ameshameza tangu Ijumaa, leo asiongeze, na kesho asubuhi mpeleke na mfuko wake akapimwe kreatinini, hata akikwambia anajisikia mzima.