Bati Haliliwi: Kwa Dada Ambaye Bibi Yake Ameachwa Kwenye Orodha ya TASAF

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa dada mmoja nisiyemfahamu. "Dada, bibi yangu kaachwa TASAF. Mkutanoni wamesema ana nyumba ya bati. Nifanyeje?" Niliusoma mara tatu, kisha nikaiweka simu chini. Neno hilo la bati nalijua. Mama yangu aliambiwa hivyohivyo mbele ya kijiji kizima, mimi nikiwa nimekaa nyuma yake.

TASAF ni Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, na orodha hiyo ni ya kaya zinazopewa fedha na Mpango wake wa Kunusuru Kaya Maskini. Mpango huo ulianza mwaka 2012, lakini mwanzoni haukufika kila kijiji. Kijiji chetu, huku Dodoma, kilikuwa kati ya vile vilivyosubiri mpaka kipindi cha pili kilichozinduliwa Februari 2020. Utambuzi, yaani kuchagua kaya za kuingia kwenye mpango, ulipofika kwetu, baba alikuwa ameshafariki na tulikuwa watoto watano. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sina pa kwenda. Mvua ilikuwa imekata mapema, uwele ukakauka ukiwa umefika magotini. Tulikula mlo mmoja, jioni, ili watoto wasilale na njaa.

Pamoja na hayo, mama hakutaka kwenda mkutanoni. "Nikasimame niseme sina? Watu watanionaje?" Nilimbembeleza tangu asubuhi. Alikubali kwa sharti kwamba twende wote.

Majina yalitajwa, la mama likatajwa. Jirani mmoja akanyoosha mkono: "Huyo ana bati." Wengine kwetu bado wanaishi kwenye tembe, paa la udongo, kwa hiyo bati huonekana mbali. Mama akainamisha kichwa. Mpaka leo nikikumbuka shingo yake ilivyoinama, koo langu hukaza. Nilisimama, miguu inatetemeka, nikasema bati lile alinunua baba miaka ile alizeti ilipolipa, na kwamba bati haliliwi. Mzee mmoja akasema, "Mtoto kasema kweli." Tukabaki kwenye orodha.

Dada, nataka uelewe kwa nini majirani wanaulizwa. Wazazi wetu hawana hati ya mshahara. Kipato chao ni debe la mahindi leo na kibarua kesho, hakuna karatasi inayokionyesha. Kwa hiyo mkutano wa kijiji ndio unaoanza kutaja kaya. Halafu anakuja mtu na dodoso, anauliza mko wangapi, nani anasoma, paa ni la nini, sakafu ni ya nini, choo kikoje, mna mifugo gani. Majibu yanapigiwa hesabu kuona kama kaya iko chini ya kiwango, kisha majina yanarudi mkutanoni yathibitishwe. Bati ni jibu moja tu kati ya mengi.

Na hapo kwenye dodoso ndipo mama alipotaka kutuangusha mara ya pili. Aliulizwa milo, akajibu mitatu. Aliulizwa mbuzi, akajibu sita. Mbuzi wale hawakuwa wetu! Walikuwa wa mtu wa mjini, tunamchungia na kupewa maziwa. Nilimkatiza mama yangu mzazi mbele ya mgeni, jambo ambalo sikulelewa kulifanya, nikasema ukweli. Alininunia siku mbili. Alikuwa anailinda heshima yake, na heshima hiyo ilikaribia kuwanyima wadogo zangu chakula. Ushauri wangu wa kwanza ni huo: siku ya dodoso kaa na bibi. Asipunguze kitu, asiongeze kitu.

Fedha zenyewe zilikuja kila baada ya miezi miwili, na kwetu hazikutosha gunia la mahindi. Nasema hivi kwa sababu wapo wanaodhani mlengwa anakula bure na kulala. Mama alifanya ajira za muda za mpango huo, siku 60 kwa mwaka, shilingi 3,000 kwa siku, akichimba lambo na wenzake juani. Fedha nyingine zina masharti: mtoto mdogo apelekwe kliniki, wa shule ahudhurie. Mdogo wangu alitoroka shule akaenda kuchunga, na malipo yaliyofuata yakakatwa. Ushauri wa pili, basi: fuatilia mahudhurio kabla ya siku ya malipo. Kadi ya kliniki isipotee.

Kitu kilichotutoa ni kikundi cha kuweka akiba. Mama alinunua hisa kidogokidogo, akakopa, akanunua mbuzi jike wawili, safari hii wa kwake. Nauli yangu ya kwenda chuo cha uuguzi ilitoka kwenye mbuzi hao. Mwaka huu nimemaliza. Najivunia, na sitaona haya kusema nilisoma kwa fedha iliyoanzia TASAF. Shuleni wadogo zangu waliitwa "watoto wa TASAF" na wakarudi wakilia. Wewe unayesoma hapa, kama umewahi kumwita mtoto hivyo, acha. Unamfundisha mama yake kujificha siku ya mkutano.

Sasa bibi. Usimwache aende peke yake, na wewe usikae mjini ukilalamika kwa simu. Nenda kwa mtendaji wa kijiji, uliza aliachwa hatua gani: mkutanoni au baada ya dodoso. Kila kijiji kilicho kwenye mpango kina kamati ya usimamizi ya jamii inayopokea malalamiko. Peleka lenu, taja nani alijenga ile nyumba na lini. Ikiwa orodha imefungwa, uliza utambuzi mwingine utakuwa lini, uiandike tarehe. Wakati mnasubiri, ulizia msamaha wa matibabu kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza. Nikiwa mafunzoni nimeona wazee wakiuza kuku kulipia dawa kwa kutoujua.

Ukishatoka kwa mtendaji niandikie tena. Na kabla hujaenda, muulize bibi taratibu, mkiwa wawili tu, jana alikula nini.