Thibitisha Alama ya Flaiwili Kabla ya Kupima Taimingi

Vijana wengi wanaoanza kazi ya mashine za boti hapa Dar es Salaam, iwe Kigamboni, Msasani au Kunduchi, hutokea kwenye magari, na baadhi yao wamesomea ufundi huo VETA Chang'ombe. Ujuzi huo una manufaa makubwa, lakini huja na mazoea moja ambayo ningependa wayaache mapema: kuwasha taa ya taimingi (yaani wakati wa kutoka kwa cheche; taa hiyo humweka kila cheche inapotoka), kuimulika flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya mashine, kuona alama yake imelingana na kielekezi kilichofungwa kwenye mashine, kisha kumwambia mwenye boti kwamba mashine iko sawa. Taa hiyo huonyesha flaiwili ilikuwa wapi cheche ilipotoka. Haionyeshi pistoni ilikuwa wapi, ilhali taimingi yote ni habari ya pistoni.

Mchanganyiko wa petroli na hewa hauwaki wote kwa mara moja, na mashine ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, mzunguko mmoja humalizika kwa sekunde 0.012 tu, kwa hiyo cheche hulazimika kutangulia wakati pistoni bado inapanda. Ikitangulia kupita kiasi, kamba ya kuwashia hurudi kwa nguvu mkononi, mashine hugonga, na pistoni inaweza kutoboka. Ikichelewa, nguvu hupungua na petroli huteketea bure.

Sasa tazama flaiwili inavyokaa. Imevishwa kwenye ncha iliyochongoka ya kranki, shafti inayozungushwa na pistoni, na katikati kuna kii, kipande kidogo cha chuma. Wengi hudhani kii ndiyo inayobeba nguvu, lakini kinachoshika hasa ni ule mchongoko ukiwa safi na mkavu na nati ikiwa imekazwa kwa kipimo cha kiwanda. Kazi ya kii ni kuipa flaiwili mahali pake. Nati ikikazwa kwa kukisia, flaiwili huteleza na kii huanza kukatika. Kwenye kranki yenye kipenyo cha milimita 20, kuteleza nusu milimita peke yake ni karibu digrii 3. Kwa kuwa sumaku zinazochochea cheche na alama zote ziko kwenye flaiwili hiyohiyo, huhama pamoja, na taa itaendelea kuonyesha kwamba alama zimelingana huku cheche ikitoka wakati usiofaa.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba kilele cha pistoni kitafutwe kwanza. Fungua plagi zote, uunganishe waya zake na bodi ya mashine ili CDI, kifaa cha umeme kinachotoa cheche, kisiharibike na cheche isiruke karibu na petroli, kisha ufunge dayo geji, kipimo chenye mshale cha kupimia mwendo mdogo, kwenye tundu la plagi ya silinda ya kwanza, ambayo kwa kawaida katika mashine za kufunga nyuma ya boti ni ile ya juu kabisa. Zungusha flaiwili kwa mkono kwa kufuata mwelekeo wa mishale ya saa, wala usiirudishe nyuma, kwa sababu shafti inayoshuka chini huzunguka na kranki hata gia ikiwa huru, na mabawa ya raba ya pampu ya maji hupinda upande usio wake. Utaona kwamba pistoni ikikaribia juu, mshale wa geji karibu unasimama huku flaiwili ikiendelea kusogea digrii kadhaa. Bisibisi iliyotumbukizwa tunduni haiwezi kukuonyesha kilele mahali hapo. Basi simama pistoni inapobakiza milimita 3 kufika juu, uweke alama kwenye flaiwili mbele ya kielekezi. Endelea upande uleule mpaka ipite kilele na kushuka milimita 3, uweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo kilele halisi kilipo. Kikitofautiana na alama ya kiwanda, huenda kielekezi kimesogezwa au kii imekatika, nawe utalazimika kuing'oa flaiwili kwa kifaa chake cha kung'olea, kamwe si kwa nyundo, kwani nyundo hupasua sumaku na kuumiza kranki.

Baada ya hapo taa ina maana. Washa mashine ndani ya pipa lenye maji yanayofunika matundu ya kuvutia maji, kwa sababu raba ya pampu huungua upesi ikizunguka kavu. Digrii utakazofuata ni za kitabu cha mashine hiyohiyo, kwani hata mashine za nguvu sawa hutofautiana. Usiongeze mafuta hadi mwisho mashine ikiwa ndani ya pipa. Kwa baadhi ya mashine kikomo cha juu cha taimingi hupimwa mashine ikiwa imezimwa, sahani iliyo chini ya flaiwili ikiwa imesukumwa mpaka kwenye kizuizi chake. Rekebisha kikomo hicho kwanza, ndipo urekebishe kifimbo kinachoiunganisha sahani na kabureta.

Jambo jingine ni petroli. Iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa huweza kugongesha mashine ambayo taimingi yake ni sahihi, na wapo mafundi wanaochelewesha cheche ili kuficha mlio huo. Mimi siikubali njia hiyo. Jaribu kwanza kwa petroli unayoijua ilikotoka, boti ikiwa baharini na mzigo wake wa kawaida, kisha uzime na ufungue plagi. Ukiona vichembe vidogo vinavyong'aa vya aluminiamu kwenye kauri ya plagi, pistoni imeanza kuliwa, na boti hiyo haipaswi kurudi kazini kabla sababu haijapatikana.