Kusema wa kwanza kwenye poka: dau la karata ya nne

Mkuu wa Njiro, umeuliza kosa lako liko wapi. Madau ya lazima ni 500 na 1,000, wewe ndiye wa kwanza kusema, una A ya kopa na Q ya shupaza. Ukapandisha hadi 3,000, wote wakatupa isipokuwa mgawaji, anayesema wa mwisho. Mezani, kwa matumizi yenu wote wawili, zikaja Q ya uru, 9 na 6 za kopa; ukaweka 5,000, akalipa. Ya nne ikawa 8 ya kopa. Ukaweka 12,000, akasukuma chipu zake zote.

Kosa ni ile 12,000. Mpaka hapo ulicheza vizuri kabisa.

Anayesema wa mwisho anaamua akiwa ameshakuona, kwa hiyo kabla hujaongeza mzigo (chipu zilizo katikati) jiulize: nani mwenye karata mbovu kuliko zangu atalipa? Kwenye ile 8, ni K-Q, Q-J na wachache wengine. Mwenye kopa mbili keshatimiza kopa tano. J-10, 10-7 na 7-5 nao wameshapata mfuatano wa karata tano. Dau kubwa hapo linafukuza unaowashinda na kubakiza wanaokushinda.

Pita tu, yaani usiweke dau. Katikati kuna 17,500. Akiweka 6,000, unalipa 6,000 kugombea jumla ya 29,500, yaani unahitaji kushinda mara moja kati ya tano hivi. Hiyo unayo: jozi ya Q bado inawashinda wanaojaribu kutisha kwa dau bila karata nzuri, na ile A inasubiri kopa nyingine. Usizihesabu kopa zote 9 zilizobaki, lakini. Akiwa tayari ana mbili mkononi, zako ni 7 katika karata 44. Akiweka 17,500 nzima, unahitaji theluthi moja. Kwa mtu asiyetisha kamwe, na meza za nyumbani hapa Arusha wamejaa, tupa bila kinyongo.

Sasa geuza: ya nne ingekuwa garasa, tuseme 2 ya pau. Hapo kupita ndiyo ingekuwa hasara. Mwenye kopa mbili anahesabu 9 katika 46 asizoziona, chini kidogo ya asilimia 20. Ukiweka 4,000 anahitaji kama asilimia 16, kwa hiyo umemuuzia karata kwa bei ya kutupa. Ukiweka 12,000 anahitaji asilimia 29, na akilipa anakosea yeye.

Ila usiwe mtu wa kupita ukiwa dhaifu tu. Mgawaji mwenye akili atakusoma ndani ya saa moja, kisha kila ukipita anakula mzigo na garasa lake. Mara mojamoja pita ukiwa na 9 tatu au Q tatu, aweke yeye, halafu mpandishie mara tatu ya dau lake.

Karata ya tano, ukiwa na jozi moja mbele ya mtu anayelipa ovyo, weka robo ya mzigo. Bei umeipanga wewe, na Q-J atalipa. Akikupandishia juu ya hiyo robo, tupa.