Chakula kikavu au cha kopo?

SWALI: Mbwa wangu ana miaka 11 na meno yamebaki machache. Chakula kikavu anakitema sakafuni. Cha kopo anakilamba mpaka bakuli linang'aa. Ila lebo ya kopo inasema protini asilimia 8, ya kikavu 24. Je, namnyima lishe?

JIBU: Humnyimi, ndugu yangu. Lebo hizo zimewachanganya wengi, hata mimi. Kopo kama hilo huwa na maji karibu asilimia 78, kikavu 10 hivi. Toa maji kwanza: 8 katika 22 zilizobaki ni asilimia 36; 24 katika 90 ni kama 27. Kopo limeshinda! Hakikisha tu limeandikwa ni lishe kamili, maana mengine ni ya kuongezea ladha.

Mzee wangu wa miguu minne nilimlowekea kikavu kwenye maji ya vuguvugu dakika 10, nikakoroga na kijiko cha kopo. Alikula huku mkia ukigonga mlango. Badilisha polepole, siku 7 hivi, la sivyo utaamkia kudeki. Kopo lililofunguliwa likae kwenye friji. Na meno hayo yaonwe na daktari wa mifugo. Anayetema huenda anaumia.