Kwa nini mtaro wa soko letu hauingii kwenye bajeti ya kaunti?

SWALI: Nauza mboga katika soko la mji mmoja hapa Pwani ya Kenya. Kila mwezi wa Mei tunaitwa ukumbini kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti, na kila mara tunaomba mtaro wa maji ya mvua kwa sababu soko hufurika. Tunatia sahihi, tunarudi nyumbani, mtaro hatuuoni. Je, maoni yetu hutupwa?

JIBU: Dada yangu, tatizo kubwa ninaloliona ni kwamba maoni yenu yanafika yakiwa yamechelewa. Makadirio ya bajeti hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na kufikia hapo kila idara imeshawekewa kiwango chake. Kanuni za fedha za kaunti za 2015 haziruhusu bunge lipandishe au lishushe fungu la idara kwa zaidi ya asilimia 1 ya kiwango hicho, na wakiongeza huku lazima wapunguze kule. Hata mwakilishi wadi wenu akiwaunga mkono kwa dhati, mwezi wa Mei uwezo wake ni mdogo.

Anzeni Agosti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka Mpango wa Maendeleo wa Mwaka ufikishwe bungeni kufikia Septemba 1, miezi kumi kabla ya mwaka wa fedha unaohusika kuanza. Humo ndimo miradi inamoorodheshwa. Mtaro usipokuwemo, maofisa wa hazina ya kaunti hawana msingi wa kuutengea pesa baadaye.

Kisha mrudi Februari. Taarifa ya Mkakati wa Fedha hufika bungeni kufikia Februari 28, nayo ndiyo inayogawa viwango vya idara. Sheria inaitaka hazina ipokee maoni ya wananchi inapoiandaa. Inaniuma kwamba watu hujaa ukumbini Mei, ilhali mgawo wenyewe umeshaamuliwa miezi miwili au mitatu nyuma mbele ya viti vitupu. Kama kaunti haiwatangazii kikao hicho, andikeni barua mkiulizia tarehe, na maoni yenu mpeleke kwa maandishi bila kungoja mwaliko.

Namna mnavyoomba pia ina uzito. “Tunataka mtaro” haikadiriki. Andikeni jina la soko na wadi, mtaro uanzie wapi, maji yaelekee wapi, una urefu wa takriban mita ngapi, na wafanyabiashara wangapi huathirika. Tajeni idara. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti masoko na mifumo ya maji ya mvua mijini, kwa hivyo hakuna wa kuwaambia mwende Nairobi. Ila kama maji hayo yanatoka kwenye barabara kuu ya kitaifa, sehemu hiyo ni ya mamlaka ya barabara kuu, na ni vizuri mjue mapema.

Mtaro ukishaingia kwenye bajeti, msilale. Pesa zinaweza kuhamishwa katika bajeti ya nyongeza katikati ya mwaka, na mara nyingi miradi midogo ndiyo huondolewa kwanza, hasa mapato ya kaunti yakipungua. Ombeni kwa maandishi taarifa ya utekelezaji ya kila robo mwaka. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kuwajibu, na wakikaa kimya mnaweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala.